Swing Katika Mwaka wa Matanga

Kwanza nilisikia miguu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, macho yangu bado yamefumbwa, na kutoka upande wa pili wa ukuta, jikoni, ndara zilikuwa zikisugua sakafu: taratibu, taratibu, kisha upesi-upesi, kisha kimya. Zikaanza tena. Ndani ya kile kimya kulikuwa na pumzi za mtu anayejitahidi, na mlio mwingine nisioweza kuutambua, kama chupa zinazogongana mahali palipofungwa.

Nikafikiri mama hayuko peke yake.

Tuliishi wawili tu, mimi na yeye, juu ya saluni moja ya nywele karibu na Matonge, mtaa wa Wakongo huku Ubelgiji, madirisha yetu yakitazama madirisha ya wengine. Baba alikuwa amefariki, na mwaka ulikuwa haujatimia. Tangu mazishi mama alivaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwani hadi soksi, na alitembea ndani ya nyumba kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Miguu ile ya jikoni, miguu yenye mwendo na ukaidi, haikuwa ya mama niliyemjua. Niliteremka kitandani bila kuvaa kitu miguuni, nikaenda.

Alikuwa amesimama mbele ya sinki, kisu mkononi, ndizi mbele yake hata ganda moja halijatoka. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka. Kwenye mpini wa friji palikuwa na taulo lililofungwa fundo la nguvu, limejisokota kama kamba ambayo mtu ametoka kuivuta.

"Umeamuka mapema," alisema.

"Ulikuwa na nani?"

"Na nani? Na Mungu."

"Na hii taulo?"

"Iko inakauka."

Nilipopita kwenda kuweka maji ya chai nililigusa. Lilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Mama aliuona mkono wangu ukiligusa, akaanza kumenya ndizi.

Katika ukoo wetu kushuku ni ufundi, na watoto hufunzwa mapema. Wazazi wangu walifika mji huu wakiwa wakimbizi kutoka Bukavu, na miaka yao ya kwanza hapa waliipitisha mbele ya meza za watu wanaouliza: ulitoka wapi, ulipita wapi, nani alikuona. Walijifunza kwamba kila jibu huzaa swali, na swali lina meno. Nilipokuwa mdogo, mwalimu akiniuliza baba yuko wapi, nilijibu: yupo. Yupo wapi? Yupo. Labda ndiyo maana nimekuwa mwandishi wa riwaya. Nilikulia katika nyumba ambamo habari hazikusemwa, zilisomwa kwenye nyuso na kwenye vitu. Taulo kavu lililofungwa kwenye friji ni sentensi nzima. Nilichokosa ni lugha yake.

Wiki ile ile papa mukubwa alipiga simu. Huyu ni kaka mkubwa wa baba, anaishi mji wa Liège, mtu wa kofia na wa sauti ya chini, na kama sisi sote wa Bukavu 'ndiye' kwake ni 'njo'. Hakuuliza habari za kazi wala za afya.

"Mama yako anaendaka wapi Alhamisi?"

"Ku maombi, papa mukubwa."

"Bon. Maombi gani wanatokaka na jasho?"

Mwanamke mmoja wa kikundi cha maombi alikuwa amemwona mama karibu na uwanja wa Flagey, akitoka katika ukumbi fulani jioni, uso unang'aa, anacheka, na mzungu mmoja amemshikia koti ili avae. Habari ilikuwa imekwisha kufika Liège kabla koti halijafungwa vifungo.

Lazima nieleze uzito wake. Kwetu mjane hukaa matanga mwaka mzima. Mwaka ukitimia, ukoo wa marehemu hukusanyika, mkubwa wao humvua kile kitambaa cheusi kwa mikono yake mwenyewe, humnawisha uso, humvika kitenge cha rangi, na kumwambia mbele ya watu wote kwamba hana deni na mtu, aliye hai wala aliyekufa. Kabla ya siku hiyo mwanamume asimshike, hata katika dansi ya arusi. Akishikwa, mkubwa haji. Na asipokuja, nyeusi hubaki pale ilipo. Hapa Matonge wapo wanawake waliojivua wenyewe, na watu huwazungumzia kama mtu aliyetoka nyumbani kwa kupitia dirishani.

Mama aliitaka siku ile. Alikuwa amekwisha kusema na fundi cherehani, amekwisha kuchagua wamama watakaoimba. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu, na aliye na mikono ya kumvua ni papa mukubwa peke yake.

"Weye ni mutoto wa kwanza," aliniambia kwenye simu. "Na mutoto mwanamuke njo anajuaka siri ya mama. Umufuate."

"Nimufuate kama polisi?"

"Kama mutoto. Polisi anaandikaka. Weye utaona tu." Akafikiri kidogo. "Ingawa na weye unaandikaka. Bon. Watu ya vitabu wanapendaka kuchungulia, alors hiyo ni kazi yako."

Sikubishana. Nilikuwa nimeanza kumfuata kwa mawazo tangu Jumamosi.

Alhamisi ilipofika mama alitoka na mfuko wa kitambaa begani. Nilimwachia umbali wa watu kadhaa. Alipita Porte de Namur, akateremka barabara ndefu ya Ixelles, mbele ya maduka ya mihogo na ya sombe, majani yake, mbele ya wasusi wanaoita wateja kutoka mlangoni. Wawili walimsalimia kwa kuinamisha kichwa, kama wanavyosalimiwa wajane, bila kunyoosha mkono. Ilikuwa jioni ya majira ya machipuo, jua bado liko juu ya mapaa. Mwendo wake ulibadilika kadiri alivyokaribia Flagey. Mabega yaliteremka. Nyuma ya uwanja aliingia katika jengo la zamani lenye mkahawa chini na ukumbi juu, na kutoka madirisha ya juu tarumbeta zikamwagika barabarani.

Nilipanda ngazi nikiwa na hotuba mdomoni. Niliyoyakuta yaliniondolea hotuba.

Ukumbi ulijaa wazungu. Wanaume walivaa mikanda ya suruali ipitayo mabegani na viatu vya rangi mbili. Wanawake walivaa magauni ya madoadoa na midomo myekundu, na baadhi yao walifunga vitambaa kichwani namna mama zetu wanavyofunga siku ya kupiga deki. Ukutani palikuwa na picha kubwa za zamani, nyeusi na nyeupe: vijana weusi wakiruka hewani, sketi zimefunguka kama miavuli, mtu anapita juu ya kichwa cha mwenziwe na wote wawili wanacheka. Ndani ya fremu, wote weusi. Sakafuni, wote weupe. Isipokuwa mwanamke mmoja mwenye nyeusi kuanzia kichwani hadi soksi, ameketi kwenye benchi, anabadilisha viatu.

Kijana wa mlangoni alinitabasamia sana.

"Mara yako ya kwanza? Usiwe na wasiwasi. Wewe utaipata upesi."

"Kwa nini mimi upesi?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni, akaniambia nikaweke koti langu pale.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa Kibelgiji mwenye mvi, mkavu, mwenye miguu ya msichana. Alizima muziki akasema kwamba pale kwake hakuna dansi kabla ya kukumbuka. Wakasimama wote kama watoto wa kipaimara. Alisema swing ilizaliwa Harlem, mtaa wa weusi wa New York, kwenye kumbi ambazo vijana waliofanya kazi ya kufagia na kupika mchana kutwa waliingia jioni na kuwa wafalme. Alisema wawili walishikana, na muziki ulipofunguka waliachiana, kila mmoja akatunga lake papo hapo, kisha wakarudiana. Na kwamba ile nafasi ya kuachiana ndiyo iliyoitikisa Amerika. Alisema mizizi inakwenda nyuma hadi utumwani, kwenye dansi ambazo watumwa walizitunga wakiwaigiza mabwana zao, kifua mbele, pua juu, na mabwana wakapiga makofi bila kujua ni wao wanaochekwa. Kila aliposema "watu weusi" macho yake yalitujia mimi na mama, kama watu wanavyowatazama wafiwa kanisani padri anapotaja jina la marehemu.

Nikawatazama wazungu wale, wanaowaiga watu weusi waliowaiga wazungu, nikajiuliza katika mnyororo ule kicheko kimebaki kwa nani. Mwalimu aliendelea kusema kwamba baadaye dansi ilisahauliwa, kumbi zikafungwa, wachezaji wakazeeka katika kazi za kawaida, mpaka vijana kutoka mbali, wengi wao kutoka huku Ulaya, wakaenda kuwagongea na kuwaomba wafundishwe. Aliyasema haya kwa furaha. Mimi niliyasikiliza nikimtazama kwa jicho la pembeni. Katika mji huu najua mambo yanavyokwenda. Kitu chetu kwanza hudharauliwa, kisha husahauliwa, kisha siku moja unakikuta nyuma ya kioo, taa inakimulika, na mtu mwenye adabu anakueleza maana yake.

"Na nyumbani," alimaliza, "fanyeni mazoezi. Asiye na mwenzi afunge taulo kwenye kitu kizito na alivute. Mwili lazima ujifunze uzito wa mtu mwingine."

Nilimtazama mama. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Wakajipanga duara mbili, moja ndani ya nyingine. Nilisukumwa katika ile ya ndani, ya wanaoongozwa. Ya nje ilikuwa ya wanaoongoza: hao ndio huweka mkono mgongoni mwa mwenzao na kumwambia kwa kiganja wapi aende. Muziki ulipigwa. Kijana wangu wa kwanza alinishika akitarajia muujiza, nikamkanyaga. Wa pili alikuwa na subira, nikamkanyaga vile vile. Kila baada ya kitambo mwalimu aliita, "Badilisheni!" na duara ya ndani ikasogea mbele, kila mtu akaingia katika mikono mipya. Hapana mtu aliyebaki na mtu. Hapo ndipo nilipotambua ujinga wa yule mwanamke wa maombi, na wangu. Kwetu ukimwona mwanamke mikononi mwa mwanamume, umeona mwisho wa hadithi. Pale ulikuwa umeona sehemu ndogo ya wimbo.

Lakini shaka haikuniacha, ilihama tu. Kwa sababu nilikuwa nimemtafuta mama katika duara ya ndani na hakuwamo. Alikuwa nje. Alikuwa anaongoza. Mikononi mwake palikuwa na mzungu mrefu, mkono wa mtu yule umelala begani kwa mama kama wa bibi arusi, na mama, uso umekunjamana kwa umakini, alikuwa anamsukuma nyuma na kumrudisha, nyuma na kumrudisha, namna mtu anavyosogeza kabati.

"Badilisheni!" Nikasogea. "Badilisheni!" Mikono iliyofuata ilikuwa na harufu ya sabuni yetu.

"Papa mukubwa njo amekutuma," alisema mama, akinishika.

"Hapana, maman."

"Usinidanganye wakati niko nakushika mugongo. Mugongo haisemake uongo."

Kweli mgongo wangu ulikuwa umekaza. Alinizungusha. Nilikwenda upande usiotakiwa.

"Wazungu wanasema tuko na hii dansi mu damu," nilinong'ona.

"Weye ile damu ilikupita." Alinirudisha kwa nguvu. "Usinivute. Unangoja, kisha unafuata."

"Na weye ni juu ya nini uko upande ya wanaume?"

"Nitakuelezea. Kwanza uache kutafuna mudomo."

Mwalimu aliita tena, na mama akapewa mtu mwingine.

Alinieleza tukirudi nyumbani, tumekaa kwenye benchi kando ya maziwa ya Ixelles, bata wakituzunguka kwa matumaini. Anafanya kazi katika nyumba ya wazee, anaogesha, analisha, anageuza. Kila Jumapili alasiri pale kuna muziki, na kikundi hiki cha swing hutuma watu wawili watatu kucheza na wazee. Tatizo ni moja: wanaume wamekufa. Waliobaki ni wamama, na wote wanataka kushikwa na mwanamume, na wauguzi wa kiume siku hiyo wote wanapata kazi ya haraka kwenye orofa nyingine.

"Kuna bibi moja," alisema mama. "Ile wakati Wamarekani walikuwa huku, kuisha vita, alikuwa mutoto musichana. Alicheza swing na soldat moja mweusi, askari yao, mu café, kule upande ya Gare du Midi. Baba yake akamufungia mu nyumba. Hakumuonaka tena. Sasa amesahau watoto yake, amesahau bwana yake, amebakia na yule soldat. Siku ya kwanza nilimuamusha ku kiti, akaniwekea mukono huku." Aligusa bega lake. "Akaanza kungojea."

"Kungojea nini?"

"Nimuongoze. Na mi sikujua."

Damu ilinipanda. "Donc ku macho yake weusi wote ni muntu moja. Anakufanya mzimu ya mwanaume mwengine. Maman, yule bibi anakutumia."

"Najua," alisema mama. "Na mi niko namutumia."

"Unamutumia kwa nini?"

Bata mmoja alipanda majani, akatutazama, akakata tamaa.

"Matanga inasema nisishikwe," alisema. "Haikusema nisishike."

Nilifikiri kuhusu wale wasusi waliomwinamia kichwa bila kunyoosha mkono. Nilifikiri kuhusu kanisa, ambako tangu mazishi wamama wenzake walimpa ncha za vidole. Mimi mwenyewe sikuweza kukumbuka ni lini nilimkumbatia. Mama yangu alikuwa ameichukua desturi, ameigeuza-geuza kama mtu anayekagua nyanya sokoni, na ameona upande mmoja ambao wazee walisahau kuufunga. Nilimheshimu. Na papo hapo, kwa kuwa mimi ni mtoto wa ukoo wetu, nikamshuku tena: mtu aliyewaza hivi kwa makini, ni mangapi mengine ameyawaza?

Jumapili nilikwenda kumpokea papa mukubwa kwenye stesheni ya Gare du Midi. Soko la Jumapili lilikuwa limejaa, mizeituni, mazulia, watu wanaitana kwa Kiarabu, na yeye alikuja amevaa suti na kofia, akipita katikati ya mapipa ya samaki kama mtu anayekagua gwaride. Kwenye tramu aliketi akaweka kofia juu ya goti.

"Bon. Uliona nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa sababu nilidhani ukweli ulikuwa upande wetu. Alisikiliza akitazama dirishani. Nilipofika kwenye neno swing alitabasamu, na tabasamu lile nilikuwa sijawahi kuliona.

"Swing? Mi najua swing. Baba yetu alikuwa anacheza swing, Bukavu, ku cercle, ile kilabu ya makarani. Sahani ya muziki zilikuwa zinafika na watu ya meli, na watu ya mission wanazikataza, kwa hiyo zote zilinunuliwa. Na kila orchestre inajiita jazz. Inapiga rumba, jazz. Inapiga wimbo ya kanisa mbio-mbio, jazz."

Nilicheka. Rafiki yangu mmoja Mtanzania aliwahi kuniambia kwamba kwao pia kila mji ulikuwa na bendi yake ya jazi, na kwamba alipofika Ulaya akasikia jazi yenyewe, alidhani wamekosea jina. Nikawaza: sisi tulichukua jina tukamimina ndani yake vitu vyetu, wale wa Flagey wamechukua kitu chenyewe na kutunza kila hatua kama ilivyokuwa. Sikujua ni upi kati ya uchukuaji huu ningeuita wizi na ni upi ningeuita upendo, na tramu haikuwa ndefu ya kutosha.

"Baba alikuwa na viatu ya rangi mbili," alisema papa mukubwa. "Nilikuwa navivaa akiwa ku kazi." Kisha tabasamu likaondoka. "Lakini mu ile dansi mwanaume njo anaongoza."

"Siku hizi, papa mukubwa, kila mutu anachagua."

"Njo ile ninaogopa. Mwanamuke mwenye anaongoza dansi, ataongoza na byengine."

Hapo nikaelewa kwamba yule mzungu wa koti hakuwa amemsumbua hata kidogo. Mwanamume angeweza kukemewa, kuitwa, kupewa soda na kuulizwa nia yake. Hofu ya papa mukubwa ilikuwa mwanamke asiyekuwa na mtu nyuma yake.

Mama alikuwa amepika bugali, sombe na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alimpokea kwa kupiga goti kidogo, na yeye akamsalimia kwa kichwa. Kwetu neno zito halisemwi mbele ya mgeni mwenye njaa, kwa hiyo tulikula tukizungumzia treni. Nilimtazama mama akitazama saa ya ukutani. Kule kwenye nyumba ya wazee, niliwaza, wamama wamekwisha kuvikwa nguo nzuri tangu mchana, viti vimesogezwa ukutani. Papa mukubwa alinawa, akajifuta, akakunja kitambaa.

"Maman," alimwita mama kwa heshima, "nasikia uko unacheza."

"Niko nacheza."

Hakuwa amejiandaa kwa jibu lile. Alikuwa amekuja na silaha za kuvunja ukanushaji, na ukanushaji haukuwapo.

"Na bazungu."

"Na wenye wako pale."

"Na wanakushika."

"Hapana. Mi njo nawashika."

"Muntu akishika mwengine, na yeye ameshikwa. Ni kitu moja."

"Papa mukubwa," alisema mama kwa adabu kubwa, "ukishika mwizi, ni weye umeshikwa?"

Niliingiza uso wangu katika glasi ya maji. Papa mukubwa alinitazama, kisha akamtazama mama, na kwa nukta moja nilidhani na yeye atacheka. Mdomo ulikuwa tayari. Aliufunga.

"Sikukuja kugombana," alisema. "Nitakuja kutosha matanga ya mudogo wangu, kukuvua hii nyeusi, kama inavyofaa. Nitakuvalisha mi mwenyewe. Neno langu ni moja tu: mpaka ile siku, usicheze tena. Hata leo. Wiki ngapi zimebakia? Ni kidogo sana. Kisha utacheza hata ku soko."

Ilikuwa haki, nilifikiri. Ilikuwa karibu zawadi. Nilimtazama mama ili akubali. Nilijua wimbo aliouchagua wa kuvuliwa kitambaa, nilijua rangi ya kitenge. Wiki chache bila swing. Kuna watu wamekaa miaka bila nchi.

Mama alitazama mikono ya papa mukubwa iliyokuwa mezani, ile ambayo ingemvua. Aliitazama muda mrefu.

"Yule bibi iko ananingojea," alisema.

"Yule bibi muzungu njo anakutosha matanga?"

"Hapana. Ni weye."

"Alors?"

"Tangu juma jana hatoke ku kitanda bila kusikia muziki. Wiki kidogo kwako ni kidogo. Kwake sijui kama ni kidogo." Alisimama, akaanza kufunika vyakula, sahani juu ya sahani, bila haraka. "Papa mukubwa, mwaka muzima muntu hakunigusa. Ku église wananisalimia na vidole. Weye leo umenisalimia na kichwa. Sikulalamika, njo desturi yetu, na mi niliiheshimu kwa ajili ya mudogo wako. Lakini mikono yangu haikukufa na yeye."

"Ukitoka leo, mi siji."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya chini. Nje mtu alikuwa akiegesha gari, anarudi nyuma, anakwenda mbele. Nilisubiri mama alie, au aketi. Nilikuwa bado namshuku, hata wakati ule: nilidhani ana jibu amelificha, hila nyingine ya kuigeuza desturi ubavu, na kwamba sote tutapona. Hakuwa nayo.

"Kama huji, nitabakia na nyeusi," alisema. "Nguo nyeusi haikatazake miguu."

Alichukua ule mfuko wa viatu kwenye kiti, akauvaa begani. Akanigeukia. "Utamutengenezea papa mukubwa chai. Sukari iko mu kabati ya juu." Kisha alikwenda mbele ya shemeji yake, akapiga goti kidogo, kama alivyompokea. "Ubakie na Mungu. Kula tena, sambaza iko bado."

Papa mukubwa aligeuza kofia yake juu ya meza, upande wa ndani ukawa juu. "Umwambie," alisema, na alikuwa anasema na mimi. "Weye njo unajua maneno. Umwambie."

Nilikuwa nayo maneno. Nilimwona jinsi alivyoegemea mbele, na nikashuku kwamba ni yeye aliyetaka kuokolewa, kwamba alikuwa amelisema neno lake mbele ya mtoto na sasa hakuwa na njia ya kulirudisha. Niliinuka kutafuta sukari kwenye kabati la juu.

Mama alisimama mbele ya kioo cha kwenye korido. Alikaza fundo la kitambaa chake cheusi, akaingiza chini yake unywele mmoja uliokuwa umetoka. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole, kama mtu anayemwacha mtoto amelala, mpaka kitasa kikashika.